Maneno 1,400, picha tano, kurasa mbili: jibu kwa msanifu wa jarida la muziki

Swali: Tunaandaa toleo la kwanza la jarida la taarabu na dansi hapa Tanga. Ni A4, kurasa 24 pamoja na jalada, la kubanwa kwa pini, nakala 500. Mahojiano makuu ni ya mwimbaji mmoja wa kike: maneno 1,400 na picha tano, nimeyaweka ukurasa wa 10 na 11 (nimeambatisha PDF). Kila ninayemwonyesha anasema yanafanana na bango la tamasha. Mwenzangu anasema majarida ya muziki hayana kanuni, na ananitajia jarida la Ray Gun. Kanuni zipi nizifuate, na zipi naweza kuzivunja?

Jibu: Ndugu, tuanze na hesabu kabla ya sanaa, maana shida yako kubwa ni ya hesabu. Ukurasa wa A4 wenye safu tatu, herufi za pointi 9 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) na mistari iliyoachana kwa pointi 12, hubeba maneno kama 1,000 ya Kiswahili ukijazwa juu hadi chini bila kichwa wala picha. Kurasa mbili ni maneno 2,000. Mahojiano yako peke yake yanakula asilimia 70 ya eneo lote. Asilimia 30 iliyobaki inagombaniwa na kichwa, utangulizi, nukuu na picha tano. Hakuna fonti ya kusuluhisha ugomvi huo. Ndiyo sababu umeteremsha herufi hadi pointi 7.5, ukapandisha maandishi juu ya picha, kisha ukazungushia kila kitu fremu kisigusane na jirani yake. Hapo ndipo bango lilipozaliwa: vitu vinane vyenye ukubwa unaokaribiana, vyote vinaita kwa pamoja.

Njia ni mbili. Ama yapunguze mahojiano hadi maneno 550 au 600 na picha mbili, ama yape kurasa nne. Kwa kuwa ndiyo mahojiano makuu ya toleo, yape nne, na uyahamishie ukurasa wa 12 hadi 15. Jarida la pini hufunguka lenyewe katikati, na katikati ya kurasa 24 ni 12 na 13. Zaidi ya hapo, hizo ndizo kurasa mbili pekee za ndani zinazotazamana zikiwa karatasi moja isiyokatika. Katika jarida la kurasa 24, namba za kurasa mbili zinazochapwa pamoja upande mmoja wa karatasi hujumlishwa kuwa 25: ukurasa wa 10 umechapwa pamoja na wa 15, na wa 11 pamoja na wa 14. Picha uliyoivusha kutoka 10 kwenda 11 itachapwa vipande viwili kwenye karatasi mbili tofauti. Kipande kimoja kikitoka na wino mzito kidogo, au karatasi ikikunjwa ikiwa imehama milimita moja, mkono wa mwimbaji wako utakatikia kwenye mkunjo. Kwenye 12 na 13 hilo halitokei. Kilichopo ni pini mbili, nazo zinapita kwenye mstari wa mkunjo, kwa hiyo usiweke uso wala herufi ndani ya milimita 12 kila upande wa mstari huo.

Sasa Ray Gun. Mwenzako amekumbuka nusu ya habari. David Carson, aliyelisanifu jarida hilo tangu lilipoanza Marekani mwaka 1992, aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, basi mwaka 1994 akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya nyota, mikasi na vidole vinavyoonyesha, isiyosomeka hata neno moja. Nusu isiyosimuliwa ni kwamba maandishi yaleyale yalichapwa tena nyuma ya toleo hilohilo kwa fonti inayosomeka. Mchezo ulikuwa na njia ya kurudi nyumbani. Huko Uingereza, Neville Brody akiwa msanifu wa jarida la The Face kati ya 1981 na 1986 alilivunjavunja neno la kichwa cha ukurasa wa yaliyomo, toleo baada ya toleo, mpaka likabaki kama michoro. Iliwezekana kwa sababu alibomoa kidogo kidogo, kila toleo likimtegemea msomaji aliyeliona lililotangulia.

Ninyi mnatoa toleo la kwanza. Hamna mazoea ya kuvunja bado, mnayajenga. Kwa hiyo zigawe kanuni mafungu mawili. Fungu moja linatokana na karatasi, wino na jicho la binadamu: pambizo, urefu wa mstari, mkunjo, mpangilio wa kusoma. Hizo usiziguse. La pili linatokana na desturi ya aina ya muziki: sura ya fonti, rangi, namna msanii anavyosimama. Hizo cheza nazo unavyotaka, ilimradi ujue zinamwambia msomaji nini.

Gridi kwanza, yaani mistari ya kupangia ukurasa ambayo haichapwi. Kwa A4, yaani milimita 210 kwa 297, weka pambizo ya ndani 16, ya nje 14, ya juu 18 na ya chini 20. Upana unaobaki ni 180. Ugawe safu sita za milimita 25, nafasi kati yake milimita 6. Uzuri wake ni kwamba ukiunganisha mbilimbili unapata safu tatu za 56, na ukiunganisha tatutatu unapata mbili za 87. Maandishi ya mahojiano yakae kwenye 56. Kila mstari utakuwa na herufi 35 hadi 40, kiasi kinachofaa kwa jarida. Utangulizi ukae kwenye 87 au upana wote. Maelezo ya picha na visanduku vidogo vitoshe kwenye 25 moja au mbili. Picha zote zianze na kuishia kwenye mistari ya gridi hiyo. Katika PDF yako kuna picha tatu zinazoanzia mahali patatu tofauti kwa tofauti ya milimita mbili au tatu. Tofauti ndogo namna hiyo huonekana kama kosa. Ukitaka kutoka nje ya mstari, toka kwa milimita 20 ili ionekane umekusudia.

Mistari ya maandishi nayo ifungwe kwenye vipimo vya pointi 12 ukurasa mzima, ili mstari wa safu ya kwanza ulingane na wa safu ya tatu. Urefu wa ukurasa wako utabeba mistari 61. Vichwa vidogo ndani ya mahojiano vipewe nafasi ya mistari miwili kamili, isiwe mmoja na nusu, la sivyo safu zote zinazofuata zitapishana.

Kurasa za ufunguzi, 12 na 13, zina kazi moja tu: kumfanya mtu aliyekuwa anafungua haraka asimame. Desturi iliyozoeleka zaidi ni picha upande mmoja na herufi upande wa pili. Fred Woodward, mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Rolling Stone la Marekani kuanzia 1987 hadi 2001, aliifikisha desturi hiyo mbali kuliko wengi: kila mahojiano makubwa yalipata herufi zake za aina yake, zikijaza ukurasa, lakini ndani ya fremu ileile ya mistari miwili, mnene na mwembamba. Fremu ilisema hili ni jarida lilelile. Herufi zilisema huyu ni msanii mwingine. Jifunze kutoka hapo bila kuiga fremu yenyewe: chagua kitu kimoja kisichobadilika kurasa zote 24, hata kama ni mstari mwembamba juu ya namba ya ukurasa, halafu vingine vibadilike.

Kwenu, weka picha kubwa ukurasa wa 12 mzima, ikitoka nje ya ukingo wa kukatwa kwa milimita 3 pande zote tatu. Mwimbaji awe anatazama kulia, kuelekea maandishi. Kwenye PDF anatazama kushoto, nje ya jarida, na jicho la msomaji humfuata huko huko. Usiigeuze picha kwa kompyuta: vifungo vya nguo vitahama upande, maandishi ya nyuma yatasomeka kinyumenyume, na mpiga gambusi ataonekana wa mkono wa kushoto. Tafuta picha nyingine, au hamisha hiyo iende ukurasa wa kulia na maandishi kushoto.

Ukurasa wa 13 uanze na kichwa cha maneno mawili hadi matano, pointi 60 hadi 90. Maneno yetu ni marefu, na kwa pointi 80 fonti nene ya kawaida huingiza herufi kubwa kama kumi tu kwenye milimita 180. Fonti iliyobanwa upana itakupa kumi na nne. Pima neno refu la kichwa kabla ya kuipenda fonti. Majarida ya muziki hupenda kichwa kiwe kauli ya msanii au mchezo wa maneno, kisha jina lake huja kwenye utangulizi. Usipolitaja hapo, msomaji asiyemfahamu kwa sura ameachwa mlangoni. Utangulizi uwe maneno 30 hadi 45, pointi 16 au 18, ukiishia na jina la mwandishi na la mpiga picha. Chini yake maneno kama 300 ya mwanzo wa mahojiano, yakifunguliwa na herufi kubwa inayoshuka mistari mitatu au minne. Kitako cha herufi hiyo kikae sawasawa juu ya mstari wa tatu au wa nne. Kikielea katikati ya mistari, ukurasa mzima huonekana umefanywa kwa haraka.

Angalia ngazi za ukubwa: 80, 17, 9, na 7.5 kwa maelezo ya picha. Kila ngazi inaachana na nyingine waziwazi. Ulichofanya wewe ni kichwa 36, utangulizi 24, nukuu 22, vichwa vidogo 18. Jicho haliwezi kusema kipi ni kikubwa.

Kuhusu fonti yenyewe, hizo herufi zilizopasukapasuka ni lahaja ya rock. Kerrang!, jarida la rock la Uingereza, linajulikana kwa jina lenye nyufa, na msomaji akiona nyufa anasubiri gitaa la umeme. Bibi aliyevaa dira na kuketi na okestra ya fidla nyuma yake hahitaji nyufa. Ila usikimbilie upande wa pili, zile fonti za Kilatini zinazojifanya kalamu ya Kiarabu. Hazisomeki vizuri, na zimeshachoshwa na menyu za mikahawa. Fonti ya serifu (yenye vijikia kwenye ncha za herufi), yenye tofauti kubwa kati ya unene na wembamba itabeba madaha ya taarabu bila kujitangaza. Kwa kurasa za dansi, herufi nene za mtindo wa majalada ya santuri za miaka ya 1970 zinafaa. Familia mbili za fonti zinatosha jarida zima. Na kabla hujapakua ya bure, andika "Ng'ombe" kwa herufi ndogo na kubwa. Fonti nyingi za mapambo hazina alama ya ritifaa, na programu itaazima ya fonti nyingine bila kukuambia.

Sasa jambo ambalo vitabu vya usanifu vya Kiingereza havitakusaidia. Umenyoosha safu kulia na kushoto. Kwenye mstari wa herufi 37, neno kama "yaliyomsababishia" linachukua karibu nusu; likishindwa kuingia linashuka, na maneno mawili matatu yaliyobaki juu yanavutwa mpaka yanaacha mianya. Mianya ikipangana mstari kwa mstari, inatokea mito myeupe inayotiririka katikati ya safu. Nyoosha kushoto tu, kulia paachwe huru. Halafu zima ukataji wa maneno wa programu kama haina kamusi ya Kiswahili, kwa sababu itakukatia "nyum-ba" na "kum-bukumbu", au itenganishe n na g. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu: nyu-mba, ku-mbu-ku-mbu, ng'o-mbe. Mahali panapolazimu, ingiza kistari cha hiari kwa mkono. Kwenye InDesign, programu ya kupangia kurasa, ni Ctrl, Shift na kistari kwa pamoja. Kistari hicho hupotea chenyewe maandishi yakihama, tofauti na kile cha kawaida ambacho hubaki katikati ya mstari na kuchapwa. Usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, hata kama "m" ya "mtu" ni silabi.

Kurasa za 14 na 15 zibebe maneno 1,100 yaliyobaki. Hapo utakuwa na kama asilimia 45 ya eneo kwa picha mbili au tatu, nukuu moja na kisanduku kimoja cha rekodi zake. Picha moja iwe kubwa waziwazi kuliko nyingine, mara mbili au tatu kwa eneo. Maswali yawe herufi nzito, majibu ya kawaida. Majina hayahitajiki kila mara kama anayejibu ni mmoja.

Nukuu iliyokuzwa ina matatizo yake. Iwe maneno 12 hadi 20, aliyosema kweli, bila kurekebishwa yapendeze. Isikae jirani na aya ilimotoka, maana msomaji ataisoma mara mbili ndani ya sekunde kumi. Na kubwa zaidi: usiivushe safu zote tatu katikati ya ukurasa kama ulivyofanya. Msomaji akifika juu ya nukuu hajui kama aruke ashuke chini au apande safu ya pili. Iweke juu kabisa au chini kabisa ya safu, au ndani ya safu moja.

Maelezo ya picha yaseme kisichoonekana: mahali, mwaka, nani kutoka kushoto. "Akiwa jukwaani" mtu anaona mwenyewe. Mwisho wa mahojiano weka alama ndogo, mraba au kipande cha nembo yenu, ili mtu asifungue ukurasa wa 16 akitafuta mwendelezo. Namba ya ukurasa, jina la jarida na mwezi vikae kona ya nje chini, angalau milimita 8 kutoka ukingo, kwa sababu karatasi za kati husukumwa nje na unene wa karatasi zinazozizunguka na hukatwa zaidi.

Picha zako za jukwaani zitakusumbua kuliko yote haya. Taa za LED za buluu na zambarau hung'aa kwenye kioo cha simu, lakini rangi nne za mchapaji (siani, majenta, njano na nyeusi) haziwezi kuzifikia. Buluu ile itatoka kama zambarau iliyofifia na uso uwe doa. Badili picha iwe ya rangi nne mapema uone hasara, na kama uso umepotea, ifanye nyeusi na nyeupe. Si aibu, majarida ya muziki yamefanya hivyo miaka yote. Nyuso nyeusi zinahitaji uangalifu wa pili: wino hutanuka kwenye karatasi na toni za kati huzidi kuwa nzito, hivyo inua toni hizo kidogo kwenye uso kabla ya kuchapa, bila kugusa weusi wa nywele na macho. Ukizipeleka kama zilivyo, mashavu na kivuli vitaungana.

Ukubwa wa picha: ukurasa mzima pamoja na milimita 3 za kukatwa unahitaji pikseli 2,551 kwa 3,579 kwa kiwango cha 300 kwa inchi. Mbili kati ya picha zako zina pikseli 1,600 upande mrefu, dalili ya kupita WhatsApp kama picha ya kawaida. Hizo zinatosha sentimita 13 na nusu tu. Mwombe mpiga picha azitume upya kama hati, au kwa barua pepe.

Jalada hukuuliza, ila neno moja: picha ya jalada isirudiwe ndani, hata ikiwa ya siku ileile. Rolling Stone hufunika nusu ya jina lake kwa kichwa cha msanii kwa sababu limekuwepo tangu 1967 na watu wanalitambua kwa herufi mbili; ninyi msifunike zaidi ya kipande cha herufi moja. Ile kanuni ya kurundika vichwa upande wa kushoto ilitokana na rafu za duka ambamo majarida hulaliana na kubaki ukanda mmoja. Kama lenu litatandazwa mezani kwa muuza magazeti au kuuzwa mlangoni kwenye onyesho, haiwahusu.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, hakikisha maandishi madogo yote ni nyeusi tupu ya asilimia 100, si mchanganyiko wa rangi nne; sahani za kuchapia zikihama hata kidogo, herufi za pointi 9 hupata kivuli cha rangi. Maandishi meupe juu ya picha yasishuke chini ya pointi 10, na yasiwe fonti yenye mikia myembamba, kwani wino huifunika. Kisha chapa kurasa 12 na 13 kwa ukubwa halisi kwenye printa yoyote, nyeusi na nyeupe, uziunganishe kwa gundi ya karatasi na uzibandike ukutani. Simama hatua tatu nyuma, mwite mtu asiyehusika na jarida, umuulize ameona nini kwanza, nini pili, nini tatu. Akitaja picha, kichwa, kisha utangulizi, peleka. Akianza na kisanduku cha tangazo la ukumbi pale chini, kipunguze au kihamishie ukurasa wa 16.